Majivu Yaleyale

Mlima ulitapika, majivu yakaanguka
nchi kavu na baharini bila kuchagua,
vipande vya kioo vidogo kuliko unga wa sembe,
silika ileile, alumini ileile.
Kisha kila punje ikakutana na maji yake.

Yaliyozama baharini yalilowa polepole.
Chumvi ikaingia, magnesiamu ikakalia kiti cha jirani,
kioo kikasahau ukioo wake,
kikaanza kujipanga, karatasi juu ya karatasi,
na kati ya karatasi na karatasi, nafasi,
chumba cha wageni kisichofungwa mlango:
maji huingia, hulala, huondoka.
Ndio udongo wa kijani, bentoniti,
nusu ya kisiwa chetu cha Milos.

Yaliyolala juu ya nyufa, upande wa Paliochori,
ambako hata leo mchanga huunguza nyayo,
yalipata mvuke mkali wenye kiberiti.
Mvuke ule haukubembeleza.
Ulinyang'anya sodiamu, potasiamu, chuma,
ukaacha wachache wenye kustahimili,
nao wakashikana mikono
bila upenyo hata wa tone.
Huo ni mweupe. Kaolini. Hauvimbi kwa ajili ya mtu.

Mimi ni Zabeta wa Frangulis,
mpimaji katika maabara ya machimbo, Vudia.
Jumanne Stelianos aliniletea mfuko
kutoka pale kuta mbili zinapokutana,
buti moja la kijani, moja jeupe.
"Mkuu anataka jibu moja," akasema.
"Meli ya Trieste inangoja, na kila rangi ina bei yake."

Nikausaga, nikauacha utuame majini,
nikautandaza juu ya kigae, nikaumulika kwa eksirei.
Fuwele hizi ni ndogo mno kwa jicho;
tunazijua kama tumjuavyo mpangaji wa ghorofa ya juu,
kwa vishindo vyake: hatua ndefu, hatua fupi.
Hatua ya kaolini ni saba, haibadiliki.
Ya bentoniti ni kumi na tano,
ukiinywesha glikoli hufika kumi na saba.
Nikaifungia na mvuke wa glikoli usiku kucha,
nikaenda nyumbani.

Bibi yangu Maruso hakuwa na glikoli.
Udongo wa kusakafia paa aliupima kwa sahani:
bonge moja, maji kidogo, huyo kanisani.
Akirudi akakuta bonge limevimba hadi ukingoni,
"Huu," husema, "utafumba mdomo mvua ikija."
Likiwa limekaa vilevile, hulitupa uani kwa kuku.
Ibada moja ilitosha.
Padri Nektarios alikuwa mrefu wa maneno.

Asubuhi mashine ikachora.
Si saba. Si kumi na saba.
Kilima kipana, kimelegea, baina ya saba na nane.
Nikasafisha kigae, nikarudia. Kilekile.
Haikuwa aina mbili zilizochanganywa na koleo;
ilikuwa fuwele moja yenye kurasa za pande zote,
tatu za mvuke, moja ya bahari, mbili za mvuke, moja ya bahari.
Bahari ilianza kazi yake kwa subira,
baadaye sana mvuke ukapanda kuivunja na kuijenga upya,
ukachoka njiani.
Labda ufa uliziba. Labda joto lilishuka
siku ambayo hakukuwa na wa kuihesabu.

Fomu ya mkuu ina visanduku viwili.
Nikachora cha tatu kwa kalamu, mistari imepinda,
nikatia alama humo.
"Na hiki bei yake ngapi?" Stelianos akauliza.
Sikujua. Nilimwambia sijui.

Alipotoka mvua ilikuwa imeanza.
Kwenye ngazi, nyayo zake za Jumanne
zilikuwa zinavimba,
upande mmoja tu.